Dawa ya kupunguza upotevu wa damu katika upasuaji wa uti wa mgongo: je, haiwezi kugandisha damu mahali pasipotakiwa?

MamaWaBinti aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Binti yangu ana umri wa miaka 15, na uti wake wa mgongo umepinda kuelekea upande kwa kiasi ambacho madaktari wanasema mkanda wa kuuegemeza hausaidii tena. Amepangiwa upasuaji wa kuunyoosha kwa skrubu na fito za chuma zitakazofungwa kwenye pingili kadhaa, kazi ambayo tumeambiwa inaweza kuchukua saa 5 au 6. Katika kikao cha mwisho daktari wa usingizi alitueleza kwamba upasuaji wa aina hii humwaga damu nyingi, kisha akataja dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo itaingizwa mshipani kuanzia kabla ya ngozi kukatwa hadi karibu na mwisho wa kazi. Nilitia sahihi fomu ya ridhaa, lakini nilipofika nyumbani maswali ambayo sikuyauliza pale ofisini yakaanza kunijia moja baada ya jingine.

Linalonisumbua kuliko yote ni hili. Nilipomzaa binti huyu nilipata bonge la damu kwenye mguu, nikachomwa sindano za kuzuia damu kuganda kwa miezi. Sasa naambiwa mwanangu atapewa dawa inayozuia damu isivuje. Je, dawa hiyo si ndiyo itakayogandisha damu miguuni au kwenye mapafu yake? Pia ningependa kuelewa kwa nini mgongo uvuje damu kuliko sehemu nyingine, na kama dawa hii ikitumika basi hahitaji tena kuwekewa akiba ya damu. Nitashukuru sana wakijibu watu wanaoifahamu kazi hii au waliowahi kuipitia.

DaktariWaUsingizi alijibu:

Mama, pole kwa wasiwasi, na swali lako ni la msingi. Mimi hutoa dawa za usingizi katika upasuaji wa mifupa, ukiwemo wa uti wa mgongo. Simjui binti yako, hivyo nitakayoeleza yakusaidie kuzungumza na daktari wake, yasichukue nafasi ya maneno yake.

Nianze na mgongo wenyewe. Sehemu nyingine za mwili mpasuaji akikata mshipa huubana au huuchoma kwa umeme, na damu ikakoma palepale. Mfupa haukubali hivyo. Ndani yake ni kama sifongo iliyojaa damu, na katika upasuaji wa kuunganisha pingili mpasuaji hana budi kuparua kwa makusudi ganda gumu la nje, kwa sababu mfupa usioparuliwa hauungani na mwenzake. Kila skrubu nayo hupita katika sifongo hiyo. Damu basi haitoki kwenye mshipa mmoja unaoonekana, bali inachuruzika kutoka vitundu vingi mno kwenye kidonda kirefu, kwa saa kadhaa mfululizo. Zaidi ya hayo, kuzunguka ala, yaani mfuko, ya ugwe wa neva (kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo) kuna mtandao wa vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zisizo na vilango vya kuzuia damu kurudi nyuma. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, na tumbo likibanwa damu iliyo tumboni husukumwa kuingia kwenye vena hizo, zikavimba na kuvuja zaidi. Ndiyo maana utaona meza ya upasuaji huu ina mito chini ya kifua na nyonga huku tumbo likiachwa lining'inie bila kuguswa na kitu. Ukiniuliza hatua ya kwanza ya kupunguza damu ni ipi, nitakujibu kuwa ni ulazaji huo, kabla hata ya kufungua kichupa chochote cha dawa.

Sasa dawa. Mwili hufanya kazi mbili kwa pamoja: hugandisha damu palipojeruhiwa, na huyeyusha mabonge ya damu ili mishipa isizibe. Bonge hushikiliwa na nyuzi za protini iitwayo fibrini. Protini nyingine, plasminojeni, hujishika kwenye nyuzi hizo, ikageuka kuwa plasmini na kuanza kuzikatakata. Katika kidonda kikubwa kazi hii ya kuyeyusha huenda kasi kupita kiasi, hata vitundu vilivyokwisha kuzibika vikafunguka tena. Asidi ya traneksamiki inafanana kwa umbo na laisini, ambayo ni sehemu ya fibrini inayoshikwa na plasminojeni. Dawa huingia kwenye vishikio vya plasminojeni na kuvijaza, nayo ikakosa namna ya kujishika kwenye nyuzi. Kwa hiyo, Mama, dawa hii haianzishi mgando mpya. Inalilinda bonge ambalo mwili wenyewe umeshalitengeneza mahali pa jeraha. Tofauti hiyo ndiyo jibu la nusu ya swali lako.

Nusu nyingine hujibiwa kwa ushahidi. Dawa si ngeni: iligunduliwa Japani na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke, wakaitangaza mwaka 1962, na lengo lao lilikuwa hasa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Utafiti uitwao CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Vifo vilikuwa asilimia 14.5 kwa waliopewa dawa na asilimia 16.0 kwa wasiopewa, na mabonge ya damu kwenye mishipa hayakuongezeka. Utafiti wa POISE-3 wa mwaka 2022 uliwachukua watu 9,535 waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo. Kuvuja damu kulikozidi kulishuka kutoka asilimia 11.7 hadi 9.1, wakati matatizo ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 14.2 kwa waliopewa na 13.9 kwa wasiopewa. Watafiti wenyewe walikiri kwamba tofauti hiyo ndogo haikutosha kuthibitisha kuwa dawa haina madhara ya upande huo hata kidogo. Hao, hata hivyo, wengi walikuwa watu wazima wa umri mkubwa wenye maradhi ya moyo au mishipa, si wasichana wa miaka 15. Katika upasuaji wa kunyoosha uti wa mgongo wa vijana, tafiti zilizolinganisha dawa hii na maji ya chumvi zimeonyesha kuwa damu inayopotea hupungua, na kwa maoni yangu leo kuiacha bila sababu ndiko kunakohitaji kuelezwa.

Hata hivyo si kila kipimo na kila ugonjwa ni sawa. Utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020, kwa watu wanaovuja damu tumboni, ulitoa jumla ya gramu 4 kwa muda wa saa 24. Vifo havikupungua, na mabonge kwenye vena yalifika asilimia 0.8 badala ya 0.4. Kwa hiyo hatuendeshi dawa hii siku nzima kwa kudhani kwamba nyingi ni bora.

Kuhusu kipimo, hospitali hutofautiana sana. Wapo wanaoanza na miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, wapo wanaofika 30 au hata 50, kisha huendelea kwa dripu ya miligramu 1 hadi 10 kwa kila kilo kwa saa. Tuseme binti ana kilo 45 na amepangiwa 30 kisha 10: atapata miligramu 1,350 polepole kabla ya kukatwa, halafu miligramu 450 kila saa. Nasema polepole kwa sababu ikisukumwa haraka shinikizo la damu hushuka. Kiwango cha kawaida hakizidi miligramu 100 kwa dakika. Dripu inahitajika kwa kuwa nusu ya dawa hutoka katika damu kwa takriban saa 2, nayo hutoka karibu yote kwa njia ya mkojo.

Kuhusu akiba ya damu: bado inahitajika. Mtu wa kilo 45 ana damu ya takriban lita 3 na robo. Akipoteza lita 1, jambo linalowezekana katika upasuaji wa pingili nyingi, ameondokewa na karibu theluthi ya damu yake. Dawa hupunguza uwezekano wa kuifikia chupa ya damu ya mtu mwingine, lakini haiufuti.

Na bonge ulilolipata wewe, tafadhali mwambie daktari wa usingizi kabla ya siku ya upasuaji, kwa maneno yaleyale uliyotuandikia. Ujauzito na uzazi peke yake huongeza hatari ya damu kuganda, na huenda lako lilitokana na hayo tu. Lakini zipo hitilafu za kurithi zinazofanya damu igande kwa urahisi, na katika familia kama yenu inafaa kuuliza kama kipimo cha damu cha kuzitafuta kinahitajika. Vilevile mwambieni iwapo binti anatumia vidonge vyenye homoni ya estrojeni kwa sababu yoyote ile. Akiwa na bonge lililopo sasa hivi mwilini, dawa hii hapewi.

MgongoUliounganishwa alijibu:

Mama, mimi nilifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili tatu za kiunoni nikiwa na miaka 58. Nilipewa dawa hiyohiyo, ila kwa kipimo kilichopunguzwa kwa kuwa figo zangu hazifanyi kazi sawasawa. Nakumbuka daktari akinionyesha karatasi ya majibu ya damu na kunieleza kwamba, kwa figo kama zangu, kipimo cha kawaida kingekaa mwilini muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Nataka kuongeza jambo ambalo mimi nililikosea. Nilikuwa nimezoea kumeza vidonge vya maumivu vya dukani karibu kila siku, pamoja na aspirini niliyoanza mwenyewe baada ya kushauriwa na rafiki. Nilipoulizwa ninatumia dawa gani nilitaja za shinikizo la damu tu, kwa sababu hizo nyingine sikuzihesabu kuwa dawa. Ukweli ulijulikana siku mbili kabla ya upasuaji, tarehe ikaahirishwa, na nililaumu hospitali bila haki. Sasa naelewa kwamba dawa ya kulinda bonge haiwezi kusaidia sana ikiwa chembe sahani zangu, yaani chembe za damu zinazoanza kuziba jeraha, zimezimwa na aspirini zisilitengeneze. Naomba mtu asisome hapa akaacha aspirini kwa uamuzi wake, maana aliyewekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo anaweza kufa kwa kuiacha, amwulize daktari.

Muda ule wa kuahirishwa nilipimwa, ikaonekana himoglobini yangu, yaani kiwango cha damu, ni 10.4, ambayo ni pungufu, nikapewa madini ya chuma kwa wiki kadhaa hadi ikapanda.

Baada ya upasuaji nililala na mpira mwembamba unaotoka kidondani kwenda kwenye chupa iliyoning'inizwa kando ya kitanda. Kila asubuhi muuguzi aliinama, akaiweka chupa sawa na macho yake, akachora mstari kwa kalamu na kuandika saa. Siku ya kwanza ilikuwa mililita 280, ya pili 110, ya tatu 30, na mpira ukatolewa. Sikujua kabla ya hapo kwamba damu huendelea kutoka baada ya kidonda kushonwa. Uliza nayo itahesabiwaje kwa binti.

MuuguziWaThieta alijibu:

Ndugu wamesema mengi na sitayarudia. Mimi naandika kuhusu kosa moja tu, kwa sababu nililiona likikaribia kutokea mbele ya macho yangu.

Asidi ya traneksamiki huja katika kichupa kidogo cha kioo, maji yake yasiyo na rangi. Bupivakaini, dawa ya ganzi inayochomwa mgongoni, nayo mara nyingi huja katika kichupa cha ukubwa uleule na maji yasiyo na rangi. Siku hiyo, katika hospitali nisiyoitaja, vyote viwili vilikuwa kwenye trei moja. Mwenzangu alishakivunja shingo kichupa, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, na mgonjwa alikuwa ameketi, mgongo ameukunja, ngozi imeshapakwa dawa ya kuua vijidudu. Utaratibu wetu ni kwamba mtu wa pili husoma jina kwenye kichupa kwa sauti kabla ya sindano kuguswa. Nilikiinua kwenye mwanga, nikasoma, nikasikia sauti yangu ikitamka jina ambalo halikutakiwa. Wote tulinyamaza. Bomba lile lilitupwa, tukaanza upya, na mgonjwa hakudhurika.

Ikiingia mshipani, dawa hii ni msaada mkubwa. Ikiingia kwenye maji yanayozunguka ugwe wa neva, huleta maumivu makali ya mgongo na miguu, degedege lisilotulizika na moyo kwenda mrama, na takriban nusu ya waliopatwa na ajali hiyo walifariki. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu kosa hili mwezi Machi 2022, likitaka kichupa hiki kihifadhiwe mbali na dawa za ganzi. Mama, binti yako atalazwa usingizi kamili, hivyo huenda sindano ya ganzi ya mgongoni isihusike kabisa. Lakini wapasuaji wengine humwagia dawa hii moja kwa moja kwenye kidonda, na katika mgongo ala ya ugwe iko karibu sana. Ikichanika kidogo tu, dawa ina njia ya kuingia. Timu yetu, ala ikichanika, dawa ya kumwagia haitumiki hata kama ilikuwa kwenye mpango. Uliza kwa upole kabisa: itapitishwa njia gani, na nani anayesoma kichupa kwa sauti? Hakuna mtaalamu makini atakayeudhika.

KakaMtu aliuliza:

Samahani kwa kuingilia. Mdogo wangu ana kifafa kinachodhibitiwa kwa vidonge, naye amepangiwa upasuaji wa pingili mwezi ujao. Nimesoma neno degedege hapo juu na nimeogopa. Je, hata ikiingia mshipani inaweza kuleta degedege?

DaktariWaUsingizi alijibu:

Inawezekana, ndugu yangu, ingawa ni nadra kwa vipimo vinavyotumika katika upasuaji wa mgongo. Dawa hii huzuia vipokezi vya glisini na GABA, ambavyo ndivyo breki za ubongo. Wagonjwa wa upasuaji wa moyo, ambao zamani walipewa vipimo vikubwa sana, ndio walioonyesha tatizo hili waziwazi, na mwenye figo dhaifu yuko karibu zaidi na hatari kwa kuwa dawa hujikusanya mwilini. Kifafa kilichodhibitiwa hakifungi mlango moja kwa moja. Mara nyingi mimi huchagua kipimo cha chini, na nahakikisha mgonjwa amemeza vidonge vyake vya kifafa asubuhi ya upasuaji kwa maji kidogo. Daktari wa mdogo wako anaweza kuamua kuiacha kabisa, nao ni uamuzi wa haki. Asilolijua hawezi kulipima, basi mtangulie kumwambia.

MamaWaBinti aliandika:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Leo nimerudi hospitalini na karatasi yangu ya maswali. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, akaandika habari ya bonge langu kwenye faili, na binti ametolewa damu kwa vipimo vya kurithi. Amesema majibu yakiwa mazuri atapewa dawa kupitia mshipani tu, na itasimamishwa ngozi ikishonwa. Nilipouliza nani husoma kichupa, alitabasamu na kunitajia watu wawili kwa vyeo vyao.

Kuna moja sikulielewa vizuri. Alisema wangeweza pia kupunguza damu kwa kushusha shinikizo la damu, lakini hatafanya hivyo wakati wa kunyoosha. Kwa nini?

DaktariWaUsingizi alijibu:

Mama, huyo anajua kazi yake. Shinikizo likishushwa, damu inayochuruzika mfupani hupungua kweli, na zamani tulilishusha sana kwa saa nzima. Lakini ugwe wa neva nao hulishwa na shinikizo hilohilo. Wakati fito zinapovuta pingili zinyooke, mishipa midogo inayoulisha ugwe hunyooshwa pamoja nazo, na ni wakati huo hasa ambapo hautakiwi kupungukiwa damu hata kidogo. Binti atakuwa na waya ndogo kichwani na miguuni zinazopima kama ujumbe wa neva unapita. Zikionyesha kudhoofika, jambo la kwanza ninalofanya ni kupandisha shinikizo, na pengine kuongeza damu. Dawa mnayoizungumzia ina faida hapo, kwa kuwa hupunguza uvujaji bila kuunyima ugwe chakula chake. Tunaongeza na blanketi la hewa ya joto, kwa sababu mwili uliopoa haugandishi damu vizuri, na mashine inayokusanya damu kutoka kidondani, kuiosha na kumrudishia mwenyewe, pale inapokuwapo.

Akizinduka ataambiwa achezeshe vidole vya miguu, na wauguzi watarudia kumwomba hivyo usiku kucha, mara nyingi kila saa. Usione wanamsumbua. Damu ikikusanyika ndani na kuubana ugwe, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au mkojo kukataa kutoka ndizo dalili zinazotangulia, na wapasuaji hurudi chumba cha upasuaji saa hiyohiyo kuitoa. Ukiwa umekaa kando yake na ukaona vidole vilivyokuwa vikicheza saa moja iliyopita havichezi, usingoje zamu ibadilike; mwite muuguzi papo hapo.

MamaWaBinti aliandika:

Nimeliandika hilo nyuma ya karatasi ileile. Ahsante sana, Daktari.